Lita Moja ya Sista Paskazia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimeanza daftari la siri. La wazi ninalo pia, nimepewa na Sista Paskazia, lakini lile ni la namba. Hili ni la ukweli.

Habari yenyewe ni hii. Sista Paskazia, mkuu wa zahanati ya masista hapa nje kidogo ya Masumbwe, anatafuta mtu mwenye skuta. Kazi: kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kupita vijiji viwili, kuchukua vikopo vya makohozi vya watu wenye kikohozi kisichoisha (na kwa vumbi hili la machimbo, hawapungui), kuvifikisha maabara Ushirombo, kurudi na majibu na dawa. Mzunguko mzima kilomita sabini. Posho ipo. Mafuta yapo. Kizibao cha kung'aa kipo! Na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni.

Tumeomba wawili tu. Mimi, na Otmar jirani yangu. Skuta yangu ni cc 110. Ya Otmar ni cc 150, nyeusi, ina redio, anaipangusa kila asubuhi kama sahani za wageni. Sista amesema hana upendeleo: atakayetumia mafuta kidogo ndiye wake. Wiki nzima tuandike kilomita ngapi kwa lita ngapi, halafu Jumatatu ijayo atatupima yeye mwenyewe, lita moja moja, tukiwa na boksi la vikopo nyuma.

Nilicheka moyoni. Injini ndogo, tumbo dogo! Otmar akaulizwa lita moja inamfikisha wapi. Akajikuna, akasema arobaini, arobaini na mbili, siku nyingine pungufu. Mtu gani anaomba kazi kwa kujikuna? Nikaulizwa mimi. Nikasema sabini.

Nilikuwa sijawahi kupima. Lakini sabini ilisikika vizuri sana mle ofisini.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, Vumilia. Skuta ni ya mpunga wake, aliuza magunia ya mwaka juzi akaninunulia nifanye biashara ya kubeba abiria, na biashara mpaka leo haijaonekana. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema, bila kuinua macho, kwamba kazi hii nikiikosa skuta inauzwa, na mimi nakwenda Segese kwa kaka yake kwenye karasha, kusaga mawe ya dhahabu. Niliwahi kufanya kazi pale wiki mbili. Nilitema vumbi miezi mitatu. Vumilia akigomba najua yataisha, ila leo hakugomba, na hilo limenitisha.

Jumanne, 5 Agosti

Utafiti umeanza. Nimekausha tenki lote, nikamwaga chupa moja ya lita ya Mzee Masudi, yule anayeuza petroli pale njiapanda kwenye chupa za maji. Nikasoma geji. Nikaondoka.

Asubuhi tulivu, barabara nzuri, mimi peke yangu. Nikawa nahesabu vibao vya barabarani. Ishirini. Thelathini. Arobaini, bado inanguruma kama kawaida. Nikaanza kuimba. Kilomita ya arobaini na nne skuta ikakohoa mara mbili na kunyamaza.

Arobaini na nne! Nikaitikisa. Nikafungua tenki nikachungulia. Kavu. Nimeisukuma mpaka nikapata lifti ya trekta, na njia nzima nilikuwa nawaza swali moja tu: zile kilomita ishirini na sita nyingine zimekwenda wapi? Hazipotei hivihivi. Mtu kazichukua.

Katika daftari la Sista nimeandika sitini na nane, nikaongeza kwamba kulikuwa na upepo.

Jumatano, 6 Agosti

Mwizi nimempata. Halafu nimempoteza. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilinunua chupa nyingine kwa Masudi, sikuifungua, nikaipeleka kwa Bujiku. Bujiku ananunua dhahabu pale mjini Masumbwe, ana mizani ndogo ndani ya boksi la kioo ambayo ukiipumulia inasoma pumzi yako. Sisi watu wa huku hatupimi kitu kwa macho. Mizani ya Bujiku ndiyo hakimu wetu, watu wazima wamelia mbele yake. Nikamweleza nataka kujua lita ya Masudi ni lita kweli? Bujiku naye ana udadisi, akakubali.

Mizani inaishia gramu mia mbili, kwa hiyo tukapima kikombe kwa kikombe, na kikombe chenyewe tukakipima kwanza. Wachimbaji wawili waliokuwa wanasubiri na vipande vyao vya dhahabu kwenye karatasi wakaombwa wazime sigara. Wakatoka kabisa, hawakurudi. Chumba kizima kinanuka petroli. Tukajumlisha mara tatu. Gramu mia saba thelathini na nane.

Mia saba thelathini na nane! Lita moja ni kilo moja, tulifundishwa darasa la tano, mwalimu alileta na ndoo ya maji kuonyesha. Masudi anatuibia zaidi ya robo katika kila chupa! Ukichukua arobaini na nne yangu ukairudishia ile robo, unakaribia sitini, na ukiongeza upepo unafika sabini bila shida.

Nikaenda njiapanda. Nilihakikisha watu wapo: waendesha pikipiki wanne, mama wa vitumbua, na walimu wawili waliokuwa wanasubiri gari. Nikamwamkia Masudi shikamoo, kwa sababu umri ni umri hata kwa mwizi. Kisha nikatangaza gramu kwa sauti.

Masudi akaingia ndani, akatoka na jagi lenye alama, akamimina chupa mbele ya watu. Ikakaa juu ya mstari wa lita, hata tone halikupungua. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, mafuta ya kula ukiyamwaga kwenye maji yanazama au yanaelea? Nikasema yanaelea. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ni mepesi. Akauliza na petroli je?

Mmoja wa wale walimu akaanza kucheka kabla sijaelewa. Kumbe petroli ni nyepesi kuliko maji! Lita yake ni gramu mia saba na kitu duniani kote, haijalishi nani anauza. Hilo ni jambo la kusisimua sana na ningependa kulijadili, lakini Masudi alikuwa ameshasema nisiguse tena chupa zake, mimi wala pesa yangu. Mama wa vitumbua akaniita Profesa. Mpaka jioni njia nzima inaniita Profesa.

Bujiku naye ametuma ujumbe kwamba mizani yake bado inanuka na wachimbaji wanasema dhahabu yao itapimwa na harufu.

Daftari la Sista: sitini na tisa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelala nikawaza upepo. Ukiwa juu ya skuta ukanyoosha mkono, mwendo ukifika hamsini kuna kitu kinausukuma nyuma. Sasa kama unausukuma mkono, kifua je? Kichwa je? Injini yangu kumbe haipambani na barabara, inapambana na hewa! Je, nikipata mahali pasipo na hewa?

Nyuma ya lori hakuna hewa.

Mafuta niliyapata sheli ya mjini. Lita moja, tenki kavu, geji nimeisoma. Nikakaa kando ya lami nikachagua. Likapita la pamba, linakwenda mbio mno. Likaja limejaa mawe, zito, pole, nyuma limesimama wima kama ukuta wa shule. Nikaingia nyuma yake. Na kweli! Upepo umekatika, shati limetulia, nimelegeza mafuta na skuta inakwenda tu kana kwamba inavutwa. Mchanga ulikuwa unadondoka kwenye helmeti na breki zake zilinitoa roho mara mbili, lakini mtafiti hababaiki.

Sikuwa naangalia njia. Niliangalia geji na kile kibati cha namba ya lori. Arobaini na nne ikapita. Hamsini ikapita, nikapiga kelele peke yangu. Hamsini na sita ndipo ikazima, lori likaondoka, vumbi likatua, na mimi nikaona kibao cha Segese.

Bila shaka. Mawe yale yalikuwa yanakwenda kwenye makarasha.

Nani anakaa Segese? Kaka yake Vumilia, na mama yao, Mbuke, mkwe wangu. Hakuna pa kwenda pengine. Shemeji alifurahi kuniona. Kabla sijanywa maji akanipeleka kunionyesha karasha na mahali pangu pa kusimama. Akanionyesha na koleo. Inaelekea Vumilia alishampigia simu. Lile koleo lina mpini mpya kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Siku ngumu kuliko zote.

Mkwe wangu alikuwa anajiandaa kuja kwetu kwa kipaimara cha binti yetu Hosiana Jumapili, na basi lilikuwa la kesho. Sasa amenikuta mimi na skuta. Akaagiza kupitia kwa shemeji, maana yeye na mimi hatuzungumzi uso kwa uso, kwamba Mungu ameleta usafiri.

Skuta ina kiti kimoja. Kirefu, lakini kimoja. Na mkwe hagusani na mkwe wake, hilo hata mtoto wa Kisukuma analijua, kwetu ukikutana na mama mkwe njiani unaingia porini kumpisha. Nikamweleza shemeji haiwezekani. Kikao kikakaa. Uamuzi: gunia la karanga liwekwe katikati. Kilo arobaini. Mimi mbele, karanga, halafu mayu, yaani mama, Mbuke ambaye si mwanamke mwembamba. Nilikalia ncha ya kiti, tumbo limegusa usukani.

Tukaondoka na lita mbili za shemeji. Tambarare si mbaya. Lakini kwenye mlima wa kwanza nilikaza mafuta mpaka mwisho na skuta ikawa inalia tu, mwendo wa kuku. Mayu akashuka atembee. Nami nikapata tatizo ambalo katika vitabu vya ufundi halimo: utampitaje mkwe wako anayetembea kwa miguu, wewe umekaa kwenye chombo? Huwezi. Nikabaki nyuma yake hatua ishirini, injini inanguruma, na yeye hana haraka, anachuma mboga za pori njiani. Kila mlima hivyo hivyo. Milima nimehesabu tisa.

Lita mbili zimetufikisha kilomita hamsini na nne. Yaani ishirini na saba kwa lita! Skuta ile ile, injini ile ile! Nusu ya jana! Nimeshindwa kulala kwa kufikiria, na kiuno pia kinauma.

Daftari la Sista: sabini. Nimeona wiki inaisha niwe nimekamilisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepata wazo zuri. Kama mzigo unaniua mimi mwenye cc 110, basi Otmar mwenye cc 150 utamzika. Atakata tamaa kabla ya Jumatatu. Asubuhi nilikaa sokoni, kila mtu mnene aliyetafuta usafiri nikamwelekeza kwa Otmar. Niliwasifia kwamba ni dereva mpole. Nikampelekea fundi wa kuchomea na mageti yake, mama wa bucha, na bwana mmoja aliyekuwa amenunua sinki la saruji.

Jioni nikampitia Otmar kama jirani. Akanishukuru. Akasema nimempatia siku bora ya mwaka mzima. Nikamuuliza mafuta je? Akafungua daftari, maskini, anaandika na nukta: thelathini na tisa nukta tano. Bila mzigo anapata arobaini na mbili.

Amepungukiwa na kilomita mbili na nusu tu! Mimi nimepungukiwa na kumi na saba. Inawezekanaje?

Nikaenda kwa fundi Maige nikamweleza yote isipokuwa sababu. Maige akasema injini ndogo ikibebeshwa mzigo unaikaza mpaka mwisho muda wote, inalia, inakunywa. Kubwa mzigo huo huo inabeba ikiwa imetulia, haijui kama imebeba. Lakini mtu mmoja peke yake, kimzigo chepesi, ndogo inashinda. Akanipa mfano wa skuta ya mwalimu mmoja mteja wake, cc 50: akiwa peke yake mjini anapata hamsini na tano, akimbeba mumewe mlimani mume ndiye anayesukuma.

Ni jambo tamu sana kulijua. Kumbe huulizi injini ni kubwa au ndogo, unauliza inabeba nini na inakwenda wapi! Nilikaa pale kwenye benchi la Maige nimefurahi kabisa, nimesahau shida zangu.

Maige akauliza la Sista ni mzigo gani. Nikasema kiboksi cha vikopo, kilo mbili. Akacheka, akasema basi nina wasiwasi gani? Nijaze upepo kwenye tairi, nisafishe kichujio cha hewa, niende mwendo wa arobaini, nitapata arobaini na sita au saba, nitamshinda Otmar waziwazi. Nimwambie Sista arobaini na sita, yaishe.

Arobaini na sita! Baada ya kusema sabini, na kuandika sabini kwa kalamu ya wino! Maige ni fundi mzuri lakini haelewi mambo ya heshima.

Jumapili, 10 Agosti

Kipaimara kimepita salama, Hosiana alipendeza, mayu Mbuke alilia, na mimi sikusikia mahubiri kwa sababu nilikuwa napata wazo.

Mpira wa dripu.

Baada ya chakula nilikwenda zahanati nikamwomba Sista mpira mmoja wa dripu. Nikasema nataka kunyonya maji kwenye pipa. Akanipa mpya, na kile kigurudumu chake cha kuongezea na kupunguzia matone. Kitu kizuri sana hicho! Aliyekibuni alikuwa mtu wa akili.

Wageni walipolala mchana nimefungua kava ya mbele ya skuta. Nimefunga humo chupa yenye petroli, juu kuliko kabureta, ishuke yenyewe. Mpira nimeupitisha chini, nimeuunga kwenye bomba la mafuta. Mahesabu: lita ya Sista kilomita arobaini na nne, chupa yangu nusu lita ishirini na mbili, jumla sitini na sita. Hazitoshi. Nikaweka lita nzima. Kigurudumu kiko karibu na goti langu la kulia, nikikisukuma mgonjwa anaanza kupokea.

Vumilia alipita akaniuliza natengeneza nini. Nikasema nasafisha kichujio cha hewa. Akasema kumbe nikitaka naweza kuwa mtu mzima. Hilo neno limeniuma kidogo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeshinda! Kazi ni yangu! Niandike yote.

Sista alikausha matenki mwenyewe, akamimina lita moja moja kwa jagi la kioo, akachuchumaa kabisa kuangalia mstari. Boksi la vikopo nyuma ya kila mmoja. Tukaelekea Ushirombo, yeye nyuma kwenye gari la zahanati. Ukizima, unasimama, anaandika.

Otmar akaenda mwendo wake wa pole, kama anayepeleka maziwa. Kilomita arobaini na mbili, akazima, akashuka, akasema haya. Akapanda gari na skuta yake ikapakiwa. Mimi nilikuwa nimeshasukuma kigurudumu.

Hamsini. Sitini. Kwenye kioo cha pembeni namwona Otmar dirishani mwa gari anashangilia, kwa dhati, anapiga makofi. Nikafika sabini na skuta haina hata dalili! Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ndani nina mafuta ya kufika themanini na zaidi, na sabini nimesema, themanini sijasema. Kwenye sabini na moja nikazungusha ufunguo kwa siri, nikaitikisa skuta, nikapiga kiki mara tatu kwa uchungu. Nikanyanyua mikono. Mafuta yamekwisha!

Sista akashuka, akaja, akasimama. Kigurudumu nilikuwa nimesahau kukifunga. Tone likaanguka kwenye lami. Likafuata jingine. Sista akayatazama mpaka yakawa kidimbwi cha ukubwa wa chapati. Kisha akanitazama mimi. Kisha akaandika sabini na moja, kwa mwandiko mzuri sana wa kitawa, akapiga mstari chini yake.

Akasema hongera, Agapiti. Akasema ule mpira wa dripu nikimaliza kunyonyea maji niurudishe, hesabu yake ipo stoo. Akasema kazi ni yangu kuanzia kesho, na kwa kuwa mzunguko ni kilomita sabini na skuta yangu inakwenda sabini na moja, zahanati itanipa lita moja kila safari. Hata kilomita moja inabaki, akasema, nitaitumia kufika nyumbani.

Otmar akaniuliza baadaye nimefanyaje. Nikasema kichujio cha hewa.

Vumilia amechinja kuku. Amenivalisha kile kizibao, akanigeuza geuza, akamwita na mama yake achungulie dirishani. Sijamwona amecheka hivyo tangu mpunga ulipouzwa. Nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli usiku huu, lakini ningeanzia wapi?

Jumanne, 12 Agosti

Safari ya kwanza. Nimejaza tairi, nimesafisha kichujio kweli, nimekwenda mwendo wa arobaini, kila alichosema Maige. Vijiji viwili nimepita. Kijiji cha pili kuna mzee alinikabidhi kikopo chake kwa mikono miwili, akaniuliza majibu ni lini. Nimemwahidi Alhamisi. Vikopo vimefika Ushirombo kabla ya saa tano. Hapo nilikuwa mtu mkubwa.

Kilomita ya arobaini na saba, wakati wa kurudi, imezima. Maige alipatia kabisa!

Nimesukuma. Boksi la dawa nyuma, kizibao kinang'aa, kila anayepita anapiga honi kunisalimia. Watoto wa shule moja wameniimbia. Kama saa tisa Otmar akatokea na mteja, akasimama, akanipa nusu lita ya akiba yake. Akauliza tatizo nini. Nikasema plagi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimejipanga. Nahitaji nusu lita na zaidi kila safari, na mfukoni hamna kitu mpaka mwisho wa mwezi. Masudi hataki kuniona. Kwa hiyo alfajiri nimechukua kuku mmoja bandani, nikampa Otmar, Otmar akampelekea Masudi, Masudi akampa Otmar petroli, Otmar akaniletea. Otmar haulizi maswali. Namhurumia, mtu asiye na udadisi.

Mzee wa kijiji cha pili majibu yake nimempelekea. Ana kifua kikuu, lakini dawa zipo, ameanza leo leo. Alinishika mkono muda mrefu. Kwa kweli hii kazi naipenda. Nisingependa kusaga mawe.

Vumilia amehesabu kuku. Amesema kuna kicheche.

Jumamosi, 16 Agosti

Kicheche kimewindwa. Mayu Mbuke amesema haendi Segese mpaka kipatikane, na tangu alfajiri amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda na fimbo. Siwezi kumsogelea! Siwezi hata kumwambia aondoke! Nilisimama nyuma ya choo robo saa na kizibao changu, yeye yuko pale, ametulia gete, kabisa kabisa.

Nimeondoka na lita moja ya Sista peke yake. Nimezima injini kwenye kila mteremko, nimefuata lori la mbao, nimepumua kidogo kidogo. Kilomita hamsini na mbili, rekodi yangu bila mpira! Kumi na nane zilizobaki nimesukuma. Nimerudi zahanati saa kumi na mbili jioni, nimechafuka mpaka kwenye meno.

Sista alikuwa amenisubiri kibarazani. Akanikaribisha chai. Akanitazama viatu, akanitazama mikono, akauliza taratibu kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia, kwamba yeye hana haraka na hana hasira, na kwamba Otmar kwa lita zake mbili angefurahi tukigawana siku. Nikajua ndiyo nafasi yenyewe. Nikafungua mdomo. Nikaona kile kitambulisho kifuani kwangu, na picha yangu nimenyoosha shingo. Nikasema kila kitu kiko sawa kabisa, Sista.

Akashusha pumzi, akafungua daftari. Akasema basi ajaze sehemu ya muda, wenzetu wa wilayani wanataka kujua mzunguko mzima unanichukua saa ngapi. Leo umenichukua saa kumi na moja. Nikasema saa moja na nusu, pamoja na kusimama.

Akaandika. Akasema kwa mwendo huo nina nafasi kubwa, na kuna kijiji cha tatu kule juu mlimani kinaomba huduma siku nyingi, je, nitakiweza kwa lita ile ile? Nikamwambia hata cha nne nakiweza.